Twaufungua Mzinga kwa Ajili ya Nani?



Kila mwaka, Juni ikiisha na Julai ikiingia, nyanda zetu za juu hapa Kasulu na Kibondo hupatwa na baridi ambayo ndugu zetu wa Kigoma mjini, walioko chini kando ya ziwa, hawaijui sawasawa. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, watoto huenda shule wamebana mikono kwapani, na nyuki hawatoki. Kisha huja siku mbili tatu ambazo jua hukaza mapema na upepo hutulia. Siku hizo ndizo utakapowaona wanaume, na siku hizi kina mama na vijana pia, wakielekea porini na kamba, panga, bomba la moshi na ndoo. Ukiwauliza waendako hujibu kwa upole, "Tunakwenda kukagua mizinga."

Neno hilo kukagua ndilo tunalotaka kulitazama. Sisi tulioyamaliza maisha yetu ya kazi darasani twalijua sana. Alikuwako mkaguzi wa shule aliyefika kimya, akaketi nyuma ya darasa, akatazama madaftari ya watoto, akauliza kama kisima kina maji, akaenda zake; na baada ya miezi miwili vitabu vikaja. Alikuwako na mwingine ambaye kabla hajafika ilitubidi tuchange fedha za kuku na soda. Huyo alipoondoka tulijua vema yeye amepata nini, ila watoto wamepata nini hatukujua. Wote wawili waliandika neno lile lile katika kitabu cha wageni.

Basi swali letu ni hili: mtu aufunguaye mzinga katikati ya kipupwe, kwa kuwa siku imekuwa ya jua, aufungua kwa ajili ya nani? Wengine watasema ni swali dogo la wadudu. Sisi hatuoni hivyo, maana namna mtu anavyomtendea asiyeweza kumshitaki huonyesha mengi juu yake.

Kwanza hatuna budi kujua nyuki wamo katika hali gani wakati huo. Misitu yetu ni ya miombo, na maua ya miombo huja kwa zamu. Iko miti inayochanua mvua zikielekea kwisha, toka Aprili mpaka Juni, na iko ile inayochanua kabla ya mvua mpya, kuanzia Septemba, wakati majani machanga mekundu yanapochipuka. Ndiyo maana warina asali wa sehemu hizi, kama wenzao wa Tabora, wana misimu miwili, mmoja kati ya mwaka na mwingine mwishoni. Kati ya misimu hiyo liko pengo. Julai na Agosti nyasi hukauka na maua huwa ya kuokoteza tu. Asali iliyobaki mzingani wakati huo ni akiba ya kuvukia pengo. Kila mkulima wa Buha mwenye mahindi darini analielewa jambo hili bila kufundishwa.

Tena asali hiyo si chakula peke yake. Joto likishuka kufikia nyuzi 10 hivi, nyuki mmoja mmoja hawezi kuruka. Lakini pale walipo majana, yaani watoto wa nyuki, hutakiwa joto la nyuzi 34 mpaka 35, usiku na mchana, Januari hata Julai. Joto hilo nyuki hulitengeneza wenyewe. Hujibana pamoja juu ya masega, hutikisa misuli ya mabawa bila kuruka, na hula asali ili wapate nguvu ya kufanya hivyo. Kwa hiyo asali ndiyo kuni zao. Nyumba ya mtu masikini usiku wa baridi haiombwi kuni.

Sasa mtu anafika na bomba la moshi. Nyuki wakisikia moshi hudhani moto umeingia msituni, na kila mmoja hukimbilia sega na kujaza tumbo asali, tayari kwa safari. Mtu anabandua kifuniko, na gundi waliyoizibia nyufa tangu mvua zilipokoma inapasuka mahali pengi. Joto lililotengenezwa kwa siku nyingi linatoka mara moja. Majana yakikaa wazi katika hewa baridi kwa muda mrefu hufa, na siku mbili baadaye utayaona yametupwa mlangoni. Harufu ya asali inasambaa, na kwa kuwa ni wakati wa njaa, nyuki wa mizinga mingine huja kuiba, siafu hufuata, na nyegere naye ana pua. Baada ya hayo yote huenda kundi zima likahama. Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kuhama kuliko wale wa Ulaya. Hawasubiri kusumbuliwa mara nyingi. Mtu hurudi Agosti akakuta masega makavu na nondo wa nta.

Inafaa kulinganisha na nchi za baridi kali, kwa sababu vitabu vingi vya nyuki vimeandikwa huko, na vijana wetu huvisoma. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini nyuki hukaa mzingani miezi mitatu, minne, hata mitano bila ua hata moja. Hawalali. Hujikusanya kama mpira, malkia yumo kati, na walioko nje hubadilishana na walioko ndani. Mara kwa mara, Januari ama Februari, baridi hulegea na siku moja au mbili huwa za joto. Siku hiyo nyuki hutoka kujisaidia, maana hawachafui nyumba yao hata wakifungiwa majuma mengi. Mfugaji naye hutoka kwenda kuwatazama. Hutazama mlango kama una maiti nyingi, huuondoa uchafu kwa kijiti, hutega sikio. Kisha hushika upande wa nyuma wa mzinga na kuuinua kidogo. Ukiwa mzito, huushusha akaenda zake. Ukiwa mwepesi, hujua wana njaa, naye huwawekea sukari. Mwenye busara hafungui zaidi ya pale haja ilipo, na huyo aliyekwenda siku hiyo hakutazamia kurudi na hata kijiko cha asali.

Hatusemi hivyo kuwasifu Wazungu. Kwa karne nyingi wazee wao walifuga nyuki katika vikapu vya nyasi visivyofunguka, na ilipofika majira ya kupukutika majani walichagua mizinga mizito zaidi, yenye asali, na myepesi zaidi, ambayo isingevuka baridi, wakaishikilia juu ya moshi wa salfa mpaka nyuki wote wakafa. Mizinga ya kati tu ndiyo iliyoachwa hai. Babu zetu walipanda mti usiku na mwenge, wakaunguza nyuki wengi na pengine msitu pia, lakini nyuma ya gogo mara nyingi kulibaki kundi. Hapana taifa lenye mikono safi katika habari hii.

Waliobadilisha mambo ni watu waliojizuia wakatazama kwanza. Mmoja alikuwa kipofu. François Huber wa Geneva alipoteza macho yake akiwa kijana, akajifunza nyuki kwa macho ya mtumishi wake, François Burnens, na mwaka 1792 akatoa kitabu ambacho wataalamu hukiheshimu hata leo. Alitengeneza mzinga unaofunguka kama kurasa, ili Burnens aweze kutazama sega moja moja bila kuvunja kitu. Wa pili ni mchungaji, Lorenzo Langstroth wa Marekani. Mwaka 1851 alitambua kwamba nyuki wakiachiwa nafasi ya milimita 6 hadi 9 hivi hawaizibi kwa gundi wala hawajengi sega humo, huiacha kuwa njia. Kwa nafasi hiyo ndogo, fremu huweza kutolewa na kurudishwa. Mizinga yetu ya kisasa yenye viunzi vya juu nayo imepimwa kwa kufuata mwendo wa nyuki wenyewe. Hivyo leo mtu anaweza kuingia na kutoka bila kuua. Walakini mlango uliorahisishwa hufunguliwa hata pasipo sababu, nasi twaona mizinga ya kisasa inayofunguliwa mara nyingi katika mwezi mmoja kuliko gogo la babu lilivyofunguliwa katika mwaka.

Tuliambie hapa jambo moja vijana wanaosoma vitabu hivyo. Vitabu vya nchi za baridi husema chagua adhuhuri yenye joto. Nyuki wetu si wale. Jua likiwa kali wao huwa wakali zaidi, na atakayeufungua mzinga saa saba mchana karibu na njia ya watoto wa shule ataleta msiba. Kwetu, kazi ya kufungua ni ya jioni, jua linapoelekea kuzama.

Turudi kwenye swali. Wapo wanaotujibu hivi: mzinga ni wangu, nimeuchonga mwenyewe, nimeutundika mwenyewe, asali iliyomo ni yangu, niichukue Julai au Novemba ni shauri langu. Jibu hili lina nguvu, lakini sehemu tu. Mzinga ni wako kweli. Nyuki je? Kwetu ni wachache mno wanaonunua nyuki. Mtu hupaka nta ndani ya mzinga mtupu, huutundika penye maua na maji, na kungoja. Nyuki huja wenyewe. Wakati mwingine hungoja mwaka mzima, na jirani aliyetundika mita hamsini kutoka hapo hupata kabla yake. Aliyekuja kwa hiari yake akakaa nyumbani mwako hukupa haki ya kumdai kodi, lakini sijui ni mila ipi ya Kiha au ya kabila lingine lolote impayo mwenye nyumba haki ya kula mpaka punje ya mwisho ya mpangaji, kisha amshangae akihama.

Kodi ni halali. Hatuko pamoja na wale wasemao kwamba kuchukua asali yoyote ni wizi. Nyuki wakipata mwaka mwema huweka kupita mahitaji yao, na mfugaji amewapa nyumba, amewalinda na moto na nyegere. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, iko amri fupi ambayo wahubiri huipita haraka. Mtu akikuta kiota njiani, na ndege mama amelalia mayai au makinda, ameruhusiwa kuchukua walioko kiotani, lakini mama amwache aende zake. Amri hiyo haikumkataza mwenye njaa kuchukua. Ilikataza kumaliza. Nasi twadhani mtu akiisoma huku amesimama chini ya mzinga hataihitaji tafsiri ndefu.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na hatutalipita kwa wepesi. Julai ni mwezi wa mahitaji. Shule zafunguliwa, sare zimechakaa, michango yadaiwa, na mahindi ya wengine yamekwisha kuuzwa kwa bei mbaya. Mama mjane mwenye mizinga mitatu na mtoto anayeambiwa asirudi darasani bila viatu, tutamwambia nini? Tumwambie kwamba majana ya nyuki ni ya thamani kuliko miguu ya mwanawe? La hasha. Aende akarine. Ila tungependa aseme anakwenda kurina. Akisema hivyo atajiuliza maswali ya mrinaji: ni sega gani limezibwa na limeiva, achukue mangapi, aache mangapi upande wa majana, afunge vipi ili siafu wasiingie. Ataingia kwa upande wa nyuma wa gogo na kuacha upande wa mlango ulivyo. Lakini akijiambia kwamba amekwenda kukagua tu, hana kipimo. Atafungua, ataona sega jeupe zuri, atasema hili moja. Na wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Tumeona kwa macho kwamba mizinga inayokwisha Julai humalizwa na watu waliokwenda kutazama. Aliyekwenda kurina alijua tangu nyumbani ndoo yake ina ujazo gani.

Hapa ndipo tunapoona kiini cha jambo lenyewe. Mkono ule ule unaotunza ndio unaochukua. Haiwezekani kuutenga, maana mfugaji ni mtu mmoja. Lakini yawezekana kuzitenga siku.

Liko na kosa la upande wa pili, nalo ni la watu wema. Yuko mfugaji asiyechukua kitu, lakini moyo wake haumtulii. Kila jua likitoka anataka kuona malkia yupo, majana yapo, asali imefika wapi. Darasa la tatu tulikuwa tukiwapa watoto maharage wapande katika makopo, na kila mwaka walikuwako wawili watatu waliofukua mbegu kila asubuhi waone kama imeota. Maharage yao ndiyo yaliyooza. Mtu wa namna hii hachukui asali ya nyuki, huchukua joto lao, ili yeye apate utulivu. Sisi twadhani huyo naye ajiulize swali lile lile, ingawa ni rahisi kumsamehe.

Je, mtu asikague basi? Akague, na kazi ni nyingi kuliko aonavyo mwenye ndoo. Asimame kando ya mzinga, si mbele ya njia yao, saa nne za asubuhi jua likishakaza. Nyuki wakiingia na chavua miguuni, ndani mna majana na malkia anataga. Hahitaji kufungua ili ajue hilo. Wakiwa wanapigana mlangoni, kuna wizi, apunguze upana wa mlango. Atazame waya kama siafu wamepata daraja la majani au tawi. Kisha ashike jembe. Julai ndipo moto wa nyika unapoanza, na nyasi zilizofika kiunoni chini ya mzinga zitaangamiza kundi ambalo baridi na njaa havikuliweza. Kufyeka duara chini ya kila mti ni kazi ya siku nzima, haina asali, na sijapata kuona mtu akiimba wakati wa kuifanya. Maji nayo yawe karibu, vijito vidogo vikikauka.

Tunaandika haya kwa sababu kikundi kimoja cha kina mama katika eneo letu kimegawanyika juu ya jambo hili. Wana mizinga 12 ya viunzi. Mwaka jana, zilipokuja siku za jua, baadhi yao walikwenda kukagua wakarudi na ndoo tatu. Kufika Septemba, miti ilipochanua, mizinga mitano ilikuwa mitupu. Mwaka huu nusu ya wanachama walitaka mizinga isiguswe kabisa mpaka Novemba. Nusu walisema wana watoto, na deni la mizinga halingoji Novemba. Maneno yalikuwa makali, na wawili hawakusalimiana majuma kadhaa, jambo lililotuhuzunisha.

Waliafikiana hatimaye, si kwa sababu upande mmoja ulishinda. Walirina mwishoni mwa Juni, wote wakiwapo, wakaacha katika kila mzinga masega ya majana pamoja na manne ya asali, wakagawana fedha. Baada ya hapo ndoo zimefungiwa kwa mama mweka hazina. Kila juma wawili huenda, kila mmoja kutoka upande wake wa ugomvi, na jembe, chupa ya grisi na daftari. Walituonyesha ukurasa wa juma lililopita. Mzinga wa 1 mpaka wa 3, chavua inaingia. Wa 4, siafu wamepanda waya, tumepaka grisi. Wa 5 na wa 6, tumefyeka. Wa 7, chavua. Wa 8, nyuki wageni mlangoni, tumepunguza mlango kwa udongo. Wa 9, kimya, hakuna anayetoka ingawa jua ni kali. Tumegonga, tumesikia kidogo sana. Chini yake wamesaini wote wawili, na wameandika kwamba wataufungua Alhamisi jioni, kama wenzao wakikubali.